Tulikwenda Loresho Kuomba Ufunguo

Jumatatu, 13 Januari 2003

Tumefungiwa asubuhi kama kawaida. Madam Esther, mwajiri wetu, alitazama kama wote tumefika, akavuta grili, ule mlango wa vyuma, akabana kufuli kwa nje, akashuka dukani kwake na ufunguo kwenye mkoba. Cherehani zikaanza. Kaptula za kaki mpaka vidole vikawa rangi ya kaki. Serikali mpya imesema shule za msingi ni bure, basi kila mzazi wa Nairobi amekumbuka ana mtoto. Sare hazitoshi.

Chakula cha mchana kilipitia katikati ya vyuma. Githeri, mahindi na maharage, ya mama anayeuza ngazini, bakuli linalazwa upande kidogo ndipo lipite. Mgeni akituona atadhani ni rumande. Sisi hucheka. Choo kiko ndani, mtungi wa maji uko ndani, redio ipo. Kufuli lilianza zamani, kabla sijaajiriwa, robota la kitambaa lilipopotea. Aliyeiba hajulikani hadi leo. Wanaofungiwa wanajulikana.

Consolata, jirani yangu wa cherehani, tumbo sasa linagusa meza. Anashona akikaa upande. Nilimwambia mtoto atazaliwa akijua kutia kola. Hakucheka.

Jumatano, 15 Januari

Moshi. Mtu aliacha pasi juu ya sketi za nailoni. Zikashika, waya nao ukaanza kutoa cheche. Madirisha yana vyuma. Tulipiga kelele mpaka bawabu wa jengo akapanda mbio, akafika kwenye grili, akasimama. Anatutazama, tunamtazama. Ufunguo alikuwa nao Madam. Madam alikuwa benki.

Mzee Wafula, mkataji wetu wa vitambaa, alichomoa waya na kumwaga mtungi mzima wa maji ya kunywa. Moto ukafa. Moshi haukufa. Consolata alikuwa amepachika mdomo katikati ya vyuma, anavuta hewa ya ngazini. Sitaisahau hiyo.

Madam alikuja mbio, viatu mkononi. Akafungua. Akalia, machozi ya kweli. Akamkumbatia Consolata, pole mama, pole mama. Akaagiza maziwa, pakiti kwa kila mtu, maana maziwa husafisha kifua. Tukanywa. Tukasema asante. Akafunga.

Jioni yote nimekuwa nikiwaza mpangilio huo. Maziwa, asante, kufuli. Hakuna aliyeshangaa pale pale. Hata mimi nimeshangaa nikiwa tayari hapa nyumbani Kabiria navua viatu.

Alhamisi, 16 Januari

Leo ilikuwa hasira tupu. Wakati wa chakula kila mtu ana lake. Risper wa ovaloki, mashine ya kupindia kingo, alisema hata ng'ombe hufunguliwa moto ukiwaka. Consolata akauliza swali moja tu, "Na siku yangu ikifika na Madam ako benki? Mtanipitisha hapo kama githeri?"

Halafu Mzee Wafula akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wakatikisa vichwa, ndiyo, kweli. Nami nilitikisa. Ndiyo kwanza sasa hivi nafikiria maana yake. Halikuli likakwisha. Kumbe linakula. Linakubakiza kidogo, na sisi tunashukuru kwa hicho kilichobaki.

Nyayo zikasikika ngazini. Kila mtu akarudi kwa cherehani yake. Alikuwa mama wa githeri, amefuata mabakuli.

Imeamuliwa twende nyumbani kwa Madam, Loresho, Jumapili, watu watatu. Kazini huwezi kuongea maneno mazito juu ya kelele za cherehani. Mimi ndiye nitakayesema. Kwa sababu mimi ni katibu wa kina mama kanisani, najua kusimama mbele ya watu. Na kwa sababu Madam alikuja kumzika mume wangu. "Wewe Mama Melvin anakupenda," Risper alisema. Consolata alitaka kwenda lakini miguu imevimba. Tulimwambia akae, tutamsemea.

Ombi ni moja. Ufunguo ubaki ndani.

Jumamosi, 18 Januari

Nimefua. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, mwenye ploti hii tunakopanga vyumba hufungua mfereji akitaka. Nilikuwa nikifanya mazoezi kimoyomoyo huku nikikamua. Madam, tunaomba ufunguo ubaki ndani. Sentensi fupi. Mtoto anaweza kuisema.

Redio ya jirani inasema wananchi wamekataa kutoa hongo, wanawazomea polisi barabarani, hofu imekwisha. Nilisikia fahari. Mwezi uliopita nami nilipiga foleni tangu giza kuondoa serikali iliyokuwepo tangu nikiwa msichana. Tukaiondoa. Tukacheza barabarani na watu nisiowajua. Halafu Jumatatu tukarudi kazini tukafungiwa. Mambo haya mawili yanakaaje katika mtu mmoja?

Jumapili, 19 Januari

Sijui niandike nini. Niandike ilivyokuwa.

Tulikutana baada ya kanisa. Mimi, Mzee Wafula, Risper. Mzee alikuja na kuku. Hai, ndani ya mfuko wa karatasi, kichwa nje. Nikamuuliza tunakwenda kudai haki au kuposa. Akasema mkono mtupu haulambwi, na kwetu Bungoma huendi kwa mkubwa ukipunga mikono tu. Kweli. Hata kwetu Vihiga ni hivyo. Tukateremka basi kwenye barabara ya Waiyaki Way tukaingia Loresho kwa miguu. Nyumba hazionekani, ni ua na ua na ua. Kuku alikuwa akilia kwenye kila geti.

Madam alifurahi mpaka nikaona aibu. Alisema tangu aanze biashara hakuna mfanyakazi aliyewahi kumtembelea bila shida. Bila shida! Akatuketisha kwenye viti vyake vizuri. Chai ya maziwa, mkate, mayai. Akatuonyesha picha za watoto walioko ng'ambo, hawapigi simu. Akatuonyesha goti linalomsumbua. Mzee Wafula akaomba, akaliombea na goti.

Kisha nikasimama.

Huwezi kuanza na ombi. Hakuna mtu anayeanza na ombi. Unamshukuru Mungu, unamshukuru mwenye nyumba, unakumbuka mema, ndipo unafika penyewe. Nikamshukuru Mungu. Nikashukuru chai. Nikakumbuka Ezekiel wangu alipofariki, jinsi Madam alivyokuja mpaka Vihiga, gari likakwama kwenye matope, akavua viatu akatembea. Akaketi kwenye nyasi na mama mkwe wangu akamshika mkono. Haya yote ni kweli. Sikuongeza hata moja. Nilipofika kwenye nyasi sauti ilinikatika, nikalia. Madam akalia. Risper akaanzisha wimbo. Tukaimba. Mzee akasema amina, amina, na kuku naye akaongeza yake kutoka jikoni.

Nikiwa bado natafuta leso Madam alikuwa ameshasimama. Alisema tangu ule moshi halali. Watu wa jengo wanamsema eti anatesa watu. Leo Mungu amemjibu kupitia kwetu. Akafunga kwa maombi.

Ukishafunga kwa maombi umefunga. Hutamki tena.

Akatupeleka kwa gari lake hadi barabarani, na sukari kila mtu. Tulisimama pale hakuna anayemtazama mwenzake. Halafu Mzee Wafula akasema, "Lakini umeongea vizuri sana, Mama Melvin."

Sikutumwa kuongea vizuri. Nilitumwa kuongea.

Jumatatu, 20 Januari

Consolata alinisubiri ngazini. "Mlisema?"

Nikamwambia tulianza. Akaniangalia. "Mlianza." Akainua miguu yake iliyovimba akapanda.

Madam alileta soda na mandazi. Akatangaza mbele ya wote kwamba amebarikiwa kuwa na watu wenye shukrani, akanitaja mimi kwa jina. Watu wakapiga makofi. Watu wale wale wa Alhamisi! Wakaniambia nimetumia hekima. Nilitegemea wanitukane. Ningependelea wanitukane.

Consolata hakunywa soda yake. Jioni bado ilikuwa chini ya cherehani, imejaa. Grili ilifungwa baada ya mandazi.

Ijumaa, 24 Januari

Najaribu kuelewa. Si woga. Simwogopi Madam, mtu ambaye nimemwona akikaa kwenye nyasi na matope miguuni. Pengine ndiyo shida yenyewe. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Kuna jambo jingine na sijamwambia mtu. Nikiwa nimefungiwa natulia. Kikipotea kitu, si mimi, nilikuwa ndani. Kila jioni grili inafunguliwa, tunapekuliwa mikoba, mkoba wangu hauna kitu, natoka mweupe. Kufuli linanishuhudia. Sasa mtu anafikaje mahali pa kulifanya kufuli shahidi wake? Nilifika lini?

Na ninamkasirikia Consolata. Si Madam, Consolata. Ananitia hasira vile anavyoshona kimya. Kosa lake ni lipi? Silioni. Lakini hasira iko.

Jumanne, 28 Januari

Madam ameniita mlangoni. Goti linamsumbua, hawezi tena kupanda na kushuka. Amenipa ufunguo. Nitakuwa msimamizi. Nitateremsha sare zilizokamilika dukani, nitafunga nikitoka, nitafungua nikirudi. "Wewe nakuamini kama dada yangu," alisema. Mshahara utaongezwa kidogo.

Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi sana. Wakanipongeza wote, Risper akapiga vigelegele.

Nikamwambia Consolata, unaona, tumepata tulichoomba. Ufunguo uko ndani. Akasema, "Na ukitoka?"

Nilitoka saa ile na mzigo wa sketi. Nikavuta grili. Nikabana. Nikalivuta kufuli mara nyingine kuhakikisha. Hakuna aliyeniambia nihakikishe.

Alhamisi, 30 Januari

Leo nilijaribu. Nawaza tangu jana, nikaamua leo nashuka bila kufunga. Nani atajua? Madam yuko dukani na goti lake. Nikaegesha grili, nikaacha kufuli likining'inia wazi. Consolata aliona. Nilimwona akiona.

Nilikuwa nimeteremka nusu ya ngazi. Sauti ikanifuata, sauti ya heshima kabisa. "Mama Melvin! Umesahau kufunga!"

Mzee Wafula. Alikuwa amesimama ndani ya grili iliyo wazi, ameshika kile kipande cha kufuli kwa vidole viwili ananionyesha. Na wengine nyuma yake. Rudi, rudi, kitu kikipotea tutasemaje? Hawakuwa wakinisuta. Walikuwa wakinisaidia.

Nikarudi nikafunga. Wakasema asante.

Mimi sielewi tena.

Jumatatu, 3 Februari

Consolata amekataa kuingia. Alifika mapema kuliko wote, akakaa kwenye ngazi ya juu, nje ya grili, mfuko wa vifungo mapajani. "Mimi leo nitatia vifungo hapa tu." Hakupaza sauti. Nikamwambia dada usiniletee matatizo, nimeshika ufunguo juzi tu. Akasema, "Funga tu. Mimi sijakukataza kufunga."

Nikafunga. Yeye nje, wengine ndani. Watu walicheka kwanza. Halafu wakaanza kumhurumia. Mimi sijawahi kusikia kichekesho kama hicho, watu wanapitisha sweta katikati ya vyuma ili aliye huru asishikwe na baridi!

Madam alipanda saa sita kwa shida zote za goti. Nikajua tumekwisha, Consolata na mimi. Madam alimtazama Consolata na vifungo vyake. Kisha akasema, "Enyewe hapo kuna hewa. Mama Melvin, mtafutie kiti kizuri." Akashuka.

Basi. Ilikuwa hivyo tu. Hakukuwa na kuku, hakukuwa na wimbo. Nilimtafutia kiti.

Nilitegemea mchana wengine waombe pia kukaa nje. Hakuna aliyeomba. Nilimuuliza Risper kwa nini haombi, yeye wa mambo ya ng'ombe na moto. Akasema, "Mimi si mjamzito." Nami niliona ni jibu zuri mpaka nilipofika nyumbani.

Jumanne, 4 Februari

Uchungu ulimshika nikiwa dukani. Wazazi wamejaa kaunta, kila mtu anampima mtoto sweta. Nikasikia kelele juu, vyuma vinatikiswa. Nikadhani ni moto tena. Nikatupa sketi nikakimbia.

Nilimkuta Consolata chini kabisa ya ngazi. Amejiteremsha mwenyewe, mkono ukutani, anapumua polepole. "Wacha mbio," akaniambia, "mimi niko sawa. Tafuta teksi." Nikatafuta. Akaingia, akajifungia mlango wa teksi mwenyewe, akaniambia nirudi kwa wenzangu. Kweli nilikuwa nimewasahau.

Kelele zilikuwa zao. Walimwona akishikwa na uchungu hatua chache kutoka kwao na hawakuweza kumfikia. Risper alikuwa amepenyeza mkono mpaka bega likachubuka. Mzee Wafula alikuwa akilia, mzee mzima. Nikafungua grili wazi kabisa. Nikasimama kando.

Hakuna aliyetoka. Nikawaambia ameondoka salama. Wakasema Mungu ni mwema. Wakarudi kwa cherehani, mmoja mmoja. Nilingoja pale mlangoni, sijui nilingoja nini.

Jumatano, 5 Februari

Msichana. Mama na mtoto wazima. Madam ametuma blanketi la mtoto na leso mbili. Kaptula bado.

Nilifunga na kufungua mara nyingi leo.

Jumapili, 16 Februari

Nilikwenda Kawangware kumwona mtoto. Nilipeleka unga, sukari, ile sukari ya Loresho kwa kweli, sikuwa nimeigusa. Consolata anakaa chumba kimoja mwisho wa ploti, mlango wa mabati, dirisha dogo. Mume wake ni mjenzi, alikuwa kazini. Mtoto ana nywele nyingi na hana haraka. Nilimpakata. Tulikunywa uji. Hatukuzungumza habari za kazini. Alisema hatarudi, atashona hapo nje ya mlango, majirani wana watoto wa shule. Nikamwambia atapata wateja. Nilikuwa na maneno mengine, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Hayakutoka. Nikamshukuru kwa uji.

Aliniambia nivute tu mlango nikitoka, mtoto asipigwe na upepo.

Nilikuwa karibu na barabara ya Kabiria nilipohisi kidole gumba. Kile kibonyeo kidogo cha chuma kinachobaki kidoleni ukishabana kufuli. Nikasimama katikati ya watu. Nilikuwa nimevuta mlango, nimetia komeo la nje, nimelibana kufuli lake lililokuwa likining'inia hapo. Na nililivuta kuhakikisha.

Nilirudi mbio, na viatu vya kanisani. Hakukuwa na kelele. Consolata alikuwa amesimama dirishani na mtoto begani, anampigapiga mgongo, ametulia tu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Akaupitisha katikati ya vyuma vya dirisha. Nikafungua.

Nilisimama mlangoni nikitafuta la kusema. Pole. Sikukusudia. Yote yalikuwa kweli.

"Asante," akasema yeye kwanza. Alisema kwa upole, kama sisi siku ile ya maziwa.

Nimekuwa kitandani tangu jioni na sijala. Ufunguo wa kazini uko kwenye msumari ukutani, ninapoutundika kila jioni. Kesho ni kola.